Zamu ya Hewa

Bonaire, Bahari ya Karibi
Ijumaa, baada ya sala

Baba yangu mpenzi,

Assalamu alaikum, na shikamoo yako naileta kwa mikono miwili. Magoti yanasemaje? Na joto la Ibra yetu ya Omani, limepungua au bado linakufukuza barazani saa tatu asubuhi? Mie mzima, alhamdulillah, ila watu wa huku hawajui kuunga mchuzi.

Masomo yangu ya matumbawe yanakwenda vizuri. Laiti ungeyaona, Baba! Hapa bado yako hai, ya zambarau na ya manjano, mengine makubwa kuliko birika la shamba letu. Ulikuwa ukiniita pono kwa usingizi wangu. Basi nimewaona pono wenyewe, wanatafuna mawe mchana kutwa. Wamesingiziwa, kama nilivyosingiziwa mie.

Sasa nikwambie lililonipata, na usishtuke, nimepona. Wiki iliyopita nilizama na mwenzangu Marlon, mzaliwa wa hapa. Nikamfuata kasa, nikasahau kutazama kipimo cha mtungi. Kuja kutazama, hewa inakaribia kwisha. Kila mzamiaji huchukua mpira wa pili wa kupumulia kwa ajili ya mwenziwe. Ukiishiwa unagusa mdomo kwa vidole, naye anakupa. Lakini mie niliona haya. Nimekua nikikutazama wewe, arifu wa falaj, msimamizi wa mfereji wa kijiji, ukiwagawia watu maji ya mashamba kwa saa na kusema, "Zamu ya mtu haiguswi, hata mtende wako ukauke." Nikajibana nisimlie Marlon hewa yake. Bahati aligeuka, akaniona nimeduwaa, akanitia mpira wake mdomoni, tukapanda pamoja taratibu.

Tulipotoka majini alinigombeza sana: "Hiyo hewa ningebaki nayo ningeifanyia nini, na wewe umeshakufa?"

Jioni yake Dada Zuwena akanipigia simu. "Baba kaanguka uani akienda kutia udhu," akanambia. "Kalala chini toka alfajiri mpaka jua limepanda. Simu imo mfukoni mwa kanzu, na mie niko nyumba ya pili! Namuuliza, ati, 'Khalas, binti, sikutaka kukutaabisha.'"

Nililia, Baba. Nilijua haya yangu nimeirithi kwa nani.

Zuwena si shamba la jirani hata uogope kuligusa. Ni mwanao. Muombe akushike mkono, muombe akupeleke hospitali. Mie nitarudi masomo yakiisha, inshallah, na nataka nikukute.

Nisalimie Shangazi wa Sinaw na mbuzi wake wote, na Mzee Suleiman, mwenzio wa kahawa. Zuwena nimeshamfundisha ile ishara ya wazamiaji. Maneno yakikushinda, gusa mdomo kwa vidole. Hatakuuliza kitu, atakuja.

Mwanao anayeomba radhi yako,
Khalfan