Kakishale ka Meli ya Ngano

Jumatatu, 4 Machi
Mama mkwe kashika lake: hapasuliwi mpaka mwanawe awepo. Daktari kasema uvimbe hausubiri, upasuaji ni Ijumaa. Na huyo mwanawe, yaani mume wangu, ni fundi wa mitambo kwenye meli ya ngano. Kufuatilia meli nimeangushiwa mimi, eti ndiye mwenye simu ya maana! Sikai nikapumua. Naulizwa chombo kiko wapi. Kiko palepale, mama. Kakishale kekundu kwenye bluu ya ramani ya simu.

Jumanne, 5 Machi
Imefika! Simu imeandika hivyohivyo: imefika. Nikapiga vigelegele. Mama mkwe akaoga, akavaa gauni lake la harusi za watu, akakaa akitazama mlango mpaka giza likaingia. Hakuna mtu.

Kumbe kufika kwao ni kutia nanga kule nje ya bandari! Mume wangu nimempata kwa shida, mtandao unakatika. Anacheka. Nimemwambia akacheke na mama yake.

Jumatano, 6 Machi
Nimekuwa mtaalamu wa meli bila kupenda. Urefu mita mia mbili na ishirini na tano. Vyumba saba vya shehena, vyote ngano. Winchi zake yenyewe za kupakulia — hakuna. Ikijaa inazama mita kumi na tatu na nusu. Na lango la bandari lina kina cha mita kumi na mbili!

Nikaenda kwa karani wa wakala wa meli. Mlikodi bila kupima? Akasema mpango ni kuipunguzia mzigo kulekule nje, kwa matishari, yale majahazi bapa ya mizigo. Haya, punguzeni. Mvua, akasema, vifuniko vikifunguliwa ngano italowa. Na mtu mmoja tu kushuka? Hairuhusiwi mpaka meli ifunge gati.

Nikamweleza mama mkwe.

"Kwa hiyo ngano isilowe, mimi ndiyo nife?"



Alhamisi, 7 Machi
Mvua. Wifi kapiga simu, nimbembeleze mama. Yeye hana ulimi?

Ijumaa, 8 Machi
Hospitali. Asubuhi mama mkwe kagoma kupanda kitanda cha magurudumu. Muuguzi ananikodolea macho kana kwamba mtu nimemficha mimi. Nikafungua simu — kakishale kanatembea! Halafu nikaona pua imeelekea wapi. Nje, bahari kuu. Ujumbe wa mume wangu ukaingia: wenye mzigo wamechoka na mvua, meli inapelekwa bandari nyingine yenye kina, safari ya siku nne. Nimwambie mama.

"Vipi?" mama mkwe akauliza.

"Imeng'oa nanga, mama."

Akafumba macho. Akapanda kitanda mwenyewe, hakutaka kushikwa. Wakati wanamsukuma akaniagiza nikakae getini, mwanawe asije akapotea kwenye makorido.

Ndiyo maana naandikia hapa getini. Mlinzi kaniuliza namsubiri nani. Kaniletea na kiti.