Mshale Uliposhuka Mollo

Mume wangu mdogo Dismas,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Mahindi yamekauka vizuri, ila tangu tumzike babu yako naongea na kuku tu. Unauliza hofu ya kazi huisha lini, maana uko peke yako huko na utafiti wako wa kupasua miamba yenye gesi, na unafikiria kurudi.

Nilipokuwa karani mpya wa idara ya maji, kisima kirefu cha Mollo kilikataa kutoa maji. Mafundi wakasukuma maji kwa nguvu chini, wapasue mwamba. Mimi niliwekwa kwenye geji ya kupima mgandamizo wa maji hayo, nisome kwa sauti. Mshale ulipanda, ukapanda, kisha ukaanguka ghafla.

"Nimeharibu!" nikapiga kelele.

Fundi mkuu akacheka. "Umeharibu nini wewe binti? Mwamba umefunguka huo!"

Hofu haikuisha, mume wangu. Ila tangu siku ile, kitu kikianguka ghafla mimi husubiri kidogo kabla ya kulia.

Kuhusu kurudi, usiniulize mimi. Nyumba ilivyo kimya, nitasema njoo kabla hujamaliza swali.

Bibi yako,
Oresta