Mama Yako Amekubali Kutoka

Baba Mahin,

Ukirudi na kondoo usiwaingize zizini, ukuta wa nyuma umelegea. Darajani usipite kabisa! Zunguka kwa juu, njia ya makaburini, uje shuleni kilimani. Sote tutakuwa huko. Mkate nimekuwekea juu ya kabati.

Asubuhi ulinicheka, eti mtu wa mjini akiona mvua siku tisa anadhani ni gharika. Ukasema tangu enzi za baba yako maji hayajawahi kuupita ule mti wa jozi. Basi saa nne yameupita, tena yamekuja na mlango wa jirani.

Mama yako akagoma kutoka. "Leo Nairuzi, mwaka mpya! Watu waje kunisalimu wakute nyumba tupu? Mkubwa wa kijiji kizima nizurure?" Maji yanamgusa vifundo vya miguu, yeye anapanga biskuti za wageni! Nikamwambia kijiji chote kiko shuleni, kinamsubiri yeye. Hapo hapo akadai mtandio wake mpya. Sasa anajitazama kwenye kioo. Nitambeba mgongoni, Mahin atabeba biskuti.

Mlango siufungi. Maji yakitaka kuingia yaingie, yasiuvunje.

~~Kama bado unaona naogopa bure, lala huko huko na kondoo wako.~~

Nimefuta. Hao kondoo wakikushinda, waache. Uliondoka umenuna, hukumsalimu mama wala hukuniaga mimi. Nairuzi wakubwa hufuatwa wasalimiwe, Baba Mahin. Tufuate.

Mama Mahin