Mzimu wa Dawati la Mwisho

Hinokidai, 12 Mei

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Na masikio, bado yamestaafu? Mama anasema hata ukinunuliwa simu ya dhahabu hutasikia kitu, ndiyo maana naandika. Mimi mzima, ila nimepungua kidogo kwa kukosa supu yako.

Shule ni mpya mpaka inanuka rangi. Viti vingine bado vina nailoni. Sisi wa mwaka wa kwanza tuko peke yetu, hakuna wakubwa wa kutuonea wala wa kutufundisha, kwa hiyo kila chama cha baada ya masomo tunakianzisha wenyewe. Wa besiboli wako saba na wanabembeleza watu njiani. Bendi ina tarumbeta lakini ngoma hazijaletwa. Mimi nimejiunga na chama cha hadithi za kutisha. Usicheke! Mwenyekiti wetu anaitwa Reona, ana maneno hadi walimu wanamsikiliza. Siku ya kwanza alisimama juu ya kiti akasema, "Kila shule ya maana ina maajabu yake saba. Piano inajipiga yenyewe, ngazi inaongezeka kidato. Sisi tuna nini? Hata kioo kilichopasuka hatuna! Aibu gani hii?"

Basi tunatunga. Sita yalipatikana upesi, la saba likatushinda, nikasema mimi: kuna msichana anakaa dawati la mwisho karibu na dirisha. Tunakaa naye kila siku, ila hayupo. Akikusalimu, nyamaza. Atakayemjibu atakalia kiti chake.

Kisha Reona akapiga meza, "Huyu mtoto wa machenza ametumaliza!" Bibi, tangu tuhamie huku sikuwa nimesifiwa na mtu.

Mjukuu wako,
Mizuho

*

Uwajima, 21 Mei

Mke mwenzangu,

Marahaba. Magoti yanalalamika, masikio hayajaomba kurudi kazini. Machenza yametoa maua na nyuki wamejaa mpaka napita shambani nikiwaomba radhi.

Nimefurahi umepata wenzio. Mama yako na zile zamu zake za usiku katika nyumba ya wazee, najua nyumbani unakaa na ukuta. Lakini hilo ajabu lenu la saba sikulipenda. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Tungeni hadithi ya paka basi.

Kula vizuri.

Bibi yako,
Tomie

*

Hinokidai, 5 Septemba

Bibi yangu,

Shikamoo, na samahani mara mia. Najua Agosti ulinisubiri kwa sikukuu ya Bon tumpokee marehemu Babu, na ulipika vyake na vya kwangu. Tulikuwa tunajiandaa kwa tamasha la shule. Ni tamasha la kwanza, na Mwalimu Hirabaru, msimamizi wetu, anasema tutakachofanya mwaka huu ndicho kitakachokuwa mila ya shule.

Tutafanya nyumba ya mizimu, na kisa chake ni hicho changu! Reona alitutazama wote mmoja mmoja, akanifikia mimi. "Wewe ndiye unayefaa. Nywele ndefu, unatoka mbali, ukiongea watu hawakuelewi vizuri." Wakacheka, nami nikacheka. Ili kisa kienee, kuanzia sasa mpaka tamasha liishe hakuna wa kuniona. Sisalimiwi, sijibiwi. Mwaka mzima wa kwanza wamekubali. Hata Mwalimu Hirabaru, akiita majina asubuhi, ananiruka, darasa linakufa kwa kicheko!

Jana nilisahau nikamwuliza Nagisa, anayekaa mbele yangu, tuna zoezi gani. Alikaza shingo kama askari. Ilinichekesha, ingawa zoezi sikulifanya.

Mjukuu wako (mzimu),
Mizuho

*

Uwajima, 14 Septemba

Mke mwenzangu,

Natumai barua hii inakukuta na afya njema na tumbo lililoshiba. Mimi nipo.

Babu yako alikuja Agosti kama kawaida yake. Niliwasha moto wa kumpokea mlangoni, akakaa siku zake, nami nikawasha moto wa kumsindikiza. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na kwa kuwa marehemu jembe hashiki, tunamwonyesha njia. Nilimpenda yule mzee kuliko roho yangu, lakini sijawahi kuacha kuwasha moto wa pili. Mama yangu alinifundisha kwamba anayeita bila kusindikiza hajui anachokaribisha.

Sasa nakuuliza. Huo mchezo wenu umeanza, nimeelewa. Utaishaje? Nani atasema, "Haya, basi, imetosha"? Mwulize huyo Reona akujibu kwa mdomo wake, mbele ya wenzake. Usiponiletea jibu sitalala.

Bibi yako,
Tomie

*

Hinokidai, 2 Novemba

Bibi,

Shikamoo. Hujambo? Sikuweza kumwuliza Reona, si unajua hawezi kunijibu.

Tamasha lilifana mno. Foleni ilifika mpaka mlangoni tunapovulia viatu. Wazazi walipiga kelele, mtoto mmoja alilia akabebwa. Tulipata zawadi ya kwanza. Wakati wa kupiga picha nilisimama pembeni, Reona akasema, "Sogeeni, tumeenea wote?" wakajibu, "Tumeenea!" Nilidhani wananitania mpaka mwisho.

Jumatatu nikaingia darasani, nikasema kwa sauti, "Habari za asubuhi!" Hakuna aliyegeuka. Nikacheka, nikasema, "Jamani, limeisha." Mwalimu Hirabaru akaja akaita majina. Akaniruka. Bibi, safari hii hakuna aliyecheka. Nilimtazama usoni, hakuwa anaigiza. Alikuwa amezoea tu.

Pengine wamesahau. Wiki ijayo watakumbuka.

Mizuho

*

Uwajima, 9 Novemba

Mjukuu wangu,

Salamu zako nimezipata, ila moyo haukutulia. Hao hawajasahau. Mwambie mama yako leo hii, usimwonee huruma kwamba amechoka. Nenda kwa mkuu wa shule. Nijibu haraka.

Bibi yako

*

Uwajima, 19 Novemba

Mizuho, mwanangu,

Mtu wa posta amepita tena na mikono mitupu. Nimemgombeza, maskini, kosa si lake. Nimekuandikia jina lako mara tatu juu ya bahasha. Nijibu.

Bibi yako

*

24 Novemba

Bibi,

Usiwe na wasiwasi. Mama sijamwambia, narudi yeye anatoka. Anakuta nimeosha vyombo, anajua nipo.

Leo nimekuta chupa ya maua juu ya dawati langu. Krisanthemamu nyeupe, kama zile unazopeleka kaburini kwa Babu. Ni nzuri, wamezitia maji. Nimesogeza daftari pembeni zisimwagike.

Wiki iliyopita kifutio changu kilianguka, Nagisa akakiokota. Nikasema asante. Akasema, "Haya," kisha akauma mdomo, lakini walikuwa wamesikia. Reona aligeuka akamtazama, halafu akatazama kiti changu. Sitaki kumponza mtu, kwa hiyo nimeacha kusema. Ukinyamaza siku inakwisha upesi.

Yule wa dawati la mwisho

*

Hinokidai, kwa mama yako, 28 Novemba

Mizuho,

Naandika ukiwa umelala hapa kando yangu. Leo sina salamu, afya yako naiona kwa macho na sijaipenda. Mama yako ameketi jikoni analia. Mwache alie kidogo, kisha ataamka.

Machenza nimeyaacha mtini yameiva, atakayeyataka ayachume. Nilifika shuleni kwenu wakati wa kutoka. Nikaweka sahani ya udongo mbele ya geti, nikawasha vijiti vya katani vya moto wa kusindikiza, vilivyobaki tangu Agosti. Mlinzi akaja mbio akifungua mdomo, nikamwonyesha masikio yangu, akakata tamaa. Watoto wakajaa. Nikawaambia, "Mzimu wenu nausindikiza leo, muageni. Kisha mnipe mtoto wangu."

Wengine walicheka, niliona meno. Mmoja hakucheka, nikajua ndiye Reona. Nikamwuliza Mizuho yuko wapi. Aliandika kwenye simu yake, akanionyesha kwa adabu, mikono miwili: "Hapa hakuna mtu wa jina hilo."

Na hapo hapo ukatoka wewe. Nilikuita. Wavuvi wa ng'ambo huwa wanaisikia sauti yangu. Ulinipita, mjukuu wangu. Ulinitazama kama mtu anavyotazama barabara, ukapita, mpaka nikakukamata mkono wa sweta. Tangu hapo sijauona mdomo wako ukifunguka.

Nimezika wazazi, nimemzika babu yako, sijawahi kuogopa kama leo.

Kesho tunarudi Uwajima, wote wawili. Shule zipo na huko. Ukiamka kabla yangu, niandikie hapa chini neno lolote. Mimi ni kiziwi, kwangu ni sawasawa.

Bibi yako

*

Bibi,

Shikamoo. Nimeamka. Umelala umekaa, shingo itakuuma.

Pale getini nilikusikia. Niliogopa nikiitika, nawe ukinijibu, utakikalia kile kiti.

Kwenye simu yangu umeingia ujumbe wa Reona, wa kwanza tangu Septemba. Anasema, "Mzimu umesindikizwa, karibu tena Mizuho! Njoo kesho, maua tumeshayahamisha. Sasa ni Nagisa."

Treni ni saa ngapi? Kama inawezekana tupite shuleni kwanza, wakati wa kuita majina. Wewe usimame mlangoni. Mimi nataka kwenda mpaka dawati la mwisho, nimsalimie Nagisa kwa jina lake, kwa sauti, na nikae hapo mpaka anijibu.

Mjukuu wako,
Mizuho