Stelingi Asiye na Wazee

Jumatatu, 12 Aprili 2004 — Jumatatu ya Pasaka

Nimecheka, nimelia, na kichwa kinauma kwa moshi wa jenereta. Pasaka njema kwangu!

Nikolausi mwenye kibanda cha video alitangaza picha ya vita kwa ajili ya sikukuu. Boksi la mkanda lina mwanajeshi na helikopta. Vijana wamejaa mpaka mlangoni. Kuweka mkanda kwenye deki — helikopta wapi! Theluji. Mji mdogo wa Wazungu, na mwanamume mwembamba anashuka kwenye treni, mgongoni kabeba kinanda kile cha kukunja na kukunjua. Kelele! Vijana wanadai vita vyao. Nikolausi kashika kichwa, huko Arusha alikonunua walimchanganyia maboksi.

Kisha yule mwembamba akakaa kwenye ngazi za kanisa akaanza kupiga. Kibanda kizima kimya. Hata wale wa mlangoni walikaa chini.

Lugha gani? Hilda, rafiki yangu aliyewahi kukaa na masista, anasema Kiitaliano. Mwingine anasema Kijerumani. Hakuna anayejua. Nikolausi hakujali, kachukua fimbo yake, kasimama kando ya tivii, kaanza kutafsiri kila neno bila aibu. Stelingi, yule mwembamba, kampa jina Lameck. Binti wa mwenye duka la mikate kamwita Zita. Tumekubali wote.

Zita anampenda Lameck. Baba wa Zita hataki. Lameck anakuja getini na maua, mvua inanyesha, anapiga ule wimbo, na yule baba anafunga dirisha. Basi. Lameck anarudi kwenye treni. Zita anakimbia stesheni na aproni yake ya unga — treni imeshaondoka! Mwisho kabisa amezeeka, anasikia wimbo ule ule redioni, anaacha kukanda mkate.

Nililia mpaka Hilda akanipa ncha ya kanga yake. Kanicheka, eti fundi cherehani mzima nalilia Wazungu. Silii Wazungu mimi.

Haya, naandika, hakuna anayesoma: namlilia Gidamis.

Jumatano, 14 Aprili

Mvua asubuhi yote. Kazi nyingi! Wanawake watatu wamekuja barazani wanataka "gauni la Zita", lile la kola ya duara na vifungo mpaka kwenye kiwiko. Vifungo vyenyewe hapa Gitting hakuna, itabidi niagize Katesh. Nimewaambia mshono wa mgongoni sikuuona vizuri, maana Zita muda wote anamgeukia Lameck. Hilda anasema Nikolausi airudie picha, na tukifika hapo asimamishe nikague.

Gidamis alipita kwenda joshoni. Yeye ndiye mwangalizi wa josho letu, ng'ombe wote wa hapa anawajua kwa rangi na kwa ukaidi. Alimsalimia Baba, shikamoo mzee. Baba kaitikia vizuri, kauliza dawa ya kupe imefika, kaambiwa imefika. Wakaachana. Ndivyo wanavyozungumza mwaka wa pili sasa.

Baba hamchukii. Wala si kwa sababu Gidamis ni Mbarabaigi wa kule bondeni na sisi ni Wairaqw wa mlimani. Shangazi yake mwenyewe Baba aliolewa huko na akazeeka vizuri. Neno lake ni moja: posa haitembei na mtu mmoja. Wazee wanakuja, wanarudishwa bila jibu, wanakuja tena, wanarudishwa tena, ndipo watu wanakaa na asali wanazungumza. Hakuna wazee, hakuna posa. Na Gidamis hana. Wazazi walifariki, wajomba walihama na ng'ombe hadi Kilosa huko, hata habari zao hazifiki.

Nimemshonea mtu zipu kichwa chini. Nimefumua.

Jumamosi, 17 Aprili

Leo ndiyo kioja.

Nikolausi kairudia picha mchana. Magunia yamezibwa madirishani, wanawake wamejaa mbele, wengine hawajawahi kukanyaga pale maisha yao yote! Mama mmoja kaja na mtama wake, anapeta gizani. Tumefika kwenye mgongo wa gauni, napiga kelele simamisha, simamisha! Picha ikasimama inatetemeka. Nimehesabu pensi za mgongoni, ile mikunjo ya kubana kiuno. Watu wananizomea.

Mara mlango ukafunguka, mwanga ukaingia, na Baba kasimama na fimbo yake. Kumbe nilikuwa nimeacha ndama hawajafungwa. "Fabiola! Toka!"

Nikainuka. Wakati huohuo picha ikaendelea na kinanda kikaanza. Baba kageuza shingo kidogo tu. Nikasubiri. Hakutoka, hakuingia. Watu wakalalamika mwanga unaharibu picha. Akaingia akafunga mlango — kwa ajili ya watu, bila shaka! — halafu mtu akamsogezea kiti.

Alipofika Lameck getini na maua yake kwenye mvua, Baba hakuvumilia.

"Huyu kijana yuko peke yake?"

Nikolausi na fimbo yake: "Peke yake, mzee."

"Wazee wake wako wapi?"

"Ulaya hawaendi na wazee, mzee."

"Na yale majani?"

"Maua, mzee. Ndiyo posa yao."

"Anaposa kwa maua! Asali hakuna? Hata mtu wa kukohoa hapo getini hakuna?"

Kibanda kimeanguka kwa kicheko. Lakini Baba hakucheka. Dirisha lilipofungwa alinyanyua fimbo kama anataka kugonga. Alikaa mpaka mwisho. Tumerudi nyumbani, kumbe ndama wamenyonya maziwa yote.

Jumapili, 18 Aprili

Baba kapiga mluzi zizini wakati wa kukamua. Wimbo wa Lameck! Anauchanganya na wa Pasaka lakini ni wenyewe. Mama kamwuliza anaimba nini. Anasema anamtuliza ng'ombe.

Mchana tunakula, kaanza mwenyewe. Eti kinachomuuma ni kile kijiji. Pale kanisani kwenye benchi kuna wazee wamejipanga, kofia kichwani, hawana kazi. Kijana anapita mbele yao na mvua yote ile, hakuna hata mmoja wa kuinuka akasimama naye! Angepatikana mzee mmoja tu, wa kuokoteza, yule baba angefungua.

Mama akamwuliza taratibu: "Na Gitting je?"

Baba akaomba aongezwe maziwa ya mgando.

Nampenda Mama.

Alhamisi, 22 Aprili

Habari mbaya. Nimempelekea Gidamis suruali yake joshoni (nimeipunguza kiuno, anakonda) na kaniambia anaondoka. Jumatatu ya tarehe 3 Mei anapanda basi kwenda kuwatafuta wajomba Kilosa. Akiwapata atarudi nao. Nikamwuliza, na usipowapata? Kamgeukia fahali aliyekuwa anakataa kuingia kwenye dawa. Kuna mwenzake alikwenda hivyohivyo, leo anachunga Ifakara na ana mke huko.

Nimekasirika! Nimemwambia aiangalie ile picha aone treni inawafanya nini watu. Anasema aliiona Jumamosi, alikuwa nyuma kabisa amesimama. Nikasema basi una moyo wa jiwe. Kasema hapana, ila yeye asingekwenda na maua, maua ni chakula cha mbuzi.

Nimecheka. Halafu nimelia njiani, na nimekutana na katekista nikasema ni mafua.

Jioni nimekwenda kwa Nikolausi. Nina wazo. Yeye si anatafsiri anavyotaka? Basi Jumapili atafsiri ninavyotaka mimi. Nimemuahidi shati la mikono mirefu.

Jumapili, 25 Aprili

Aibu! Aibu! Lakini nacheka peke yangu hapa kama mwehu.

Baba alikuja mwenyewe baada ya misa, bila kuitwa, kakaa mbele. Kamleta na Mama! Nikolausi kaanza kazi. Lameck anashuka kwenye treni: "Huyu ni yatima. Wajomba zake walihama na mifugo, wako mbali sana." Sawa. Lameck anapiga kinanda: "Hapa anasema, mimi sina mtu wa kunisemea." Wanawake wanavuta makamasi. Baba kainamia mbele, mikono juu ya fimbo. Inaingia, nasema, inaingia!

Mpaka kwenye ile meza. Nilisahau ile meza! Lameck yuko nyumbani kwao, bibi mnene anamkatia mkate na kumpapasa kichwa.

Baba: "Nikolausi. Huyu juzi ulisema ni mama yake."

Fimbo ya Nikolausi ikashuka.

"Huyo... ni mama mwenye nyumba aliyopanga, mzee."

"Mbona wana pua moja?"

Watu walicheka hadi benchi moja likavunjika. Nikolausi katoa jasho, akaanza kuapa kwamba Kiitaliano kina maneno magumu. Na Baba, bila kugeuka haraka, akageuka. Akaniangalia mimi. Akamwangalia Gidamis kule nyuma. Akanirudia mimi. Nikatazama miguu yangu.

Baba alikaa mpaka mwisho, na Zita alipokimbilia stesheni Mama alishika mkono wa Baba mbele ya watu wote. Baba akauacha mkono ushikwe.

Jumanne, 27 Aprili

Leo Baba ametengeneza ua upande wa nyuma ambao haukuwa umebomoka. Hapigi mluzi. Nimeharibu kila kitu na ujanja wangu wa kitoto. Magauni mawili yameisha, vifungo vimefika vya rangi ya kahawia badala ya nyeupe. Sina hamu.

Mama anasema niache kumwangalia Baba kama namsubiri achemke.

Jumamosi, 1 Mei — Mei Mosi

Naandika jikoni, mwandiko kama kuku kapita. Lazima niandike sasa hivi.

Mvua ilianza mchana, ile ya kuufunika mlima wote. Baba yuko sebuleni anachonga mpini wa jembe. Mama anachambua maharage. Mimi dirishani. Nikamwona mtu anapanda kutoka barabarani, blanketi jekundu limeloa chapa, kibuyu kwapani. Peke yake. Gidamis!

Nilimwambia asije! Nilimwambia kabisa kwamba akija peke yake Baba atamrudisha na habari itaisha hapo, hata akija na wajomba baadaye watakuwa wamechelewa. Kasimama kwenye geti letu la miti. Hajapiga hodi. Kasimama tu, mvua inamshukia. Ukaidi wa ng'ombe zake umemwingia.

Baba akaja akasimama nyuma yangu dirishani. Tukamtazama wote wawili. Dirisha letu ni la mbao, linafungwa na komeo. Nikashika ile mbao nisijue naishikia nini. Nilikuwa tayari kugombana na baba yangu, jambo ambalo sijawahi.

Hakufunga. Aliuliza tu, kwapani ana nini. Nikasema sijui, labda asali. Akasema, "Si maua?" Nikasema si maua.

Akaweka mpini chini. Akachukua blanketi lake, kofia yake ya misa, na ile fimbo. Akatoka kwa mlango wa nyuma, upande wa zizi. Nikamwambia Mama anakwenda kumpiga! Mama akaacha maharage. Tukasikia miti ya ua inasogezwa kule nyuma, pale pale alipotengeneza Jumanne. Akazunguka shambani, kwenye mahindi, kwenye matope, akatokea barabarani chini kabisa. Mzee wa watu anapanda kilima kwenda nyumbani kwake mwenyewe kama mgeni. Akafika kwa Gidamis. Hawakusalimiana. Alisimama kando yake, akapangusa kofia, akakohoa.

"Hodi wenye mji!"

Mama akaniangalia. Mimi nikamwangalia Mama. Akaingiza kanga mdomoni.

"Hodi! Sisi ni wageni wa mbali. Tuna mtamba wetu amepotea, nyayo zake zimeingia boma hili." Sauti siyo yake kabisa, sauti ya wazee wa posa, nzito na ya polepole. "Kijana wangu huyu ndiye aliyeziona."

Kijana wangu!

Mama kajitahidi. Kaenda mlangoni, hajafungua, kajibu kwa heshima zote: "Wageni, mwenye mji ametoka. Mimi peke yangu siwezi kuwajibu. Mrudi siku nyingine."

Ndivyo inavyotakiwa. Siku ya kwanza hawajibiwi.

Halafu Baba: "Ametoka kwenda wapi?"

"Hakuniaga."

"Basi tutamsubiri hapa hapa."

Mama kaketi chini sakafuni, anacheka machozi yanamtoka, hawezi kusimama. Nje kuna mtu anapiga mluzi. Wimbo wa Lameck, na safari hii hajauchanganya na wa Pasaka. Gidamis anajaribu kufuata, hajui, anaukosea.

Wataumwa kifua wote wawili. Nani atafungua? Mwenye nyumba yuko nje anajisubiri mwenyewe!

Mama ameinuka, anajifuta uso. Ananiita nije mlangoni. Anauliza lile swali la binti anayeposwa, kwa sauti kubwa ya kusikika mpaka getini: "Fabiola, hawa wageni wawili unawafahamu?" Mluzi umekatika. Nje hata kikohozi hakuna, wanasubiri nijibu mimi, na mimi bado nimeshika kalamu —