Godoro Lililoanikwa Uani

Mkwe wangu,

Maharagwe yamekwisha kuiva, usiyaongezee chumvi. Ufunguo wa uani nimemwachia fundi cherehani. ~~Nimekwenda kumjulia hali rafiki yangu.~~ Nimekwenda hospitali.

Asubuhi ya leo ulianika godoro tena, ukamwambia mwanao, "Msichana wa darasa la pili bado unakojoa kitandani! Huoni haya?" Nami nilikuwa nimesimama mlangoni, nikisikia yote.

Anayekojoa ni mimi. Huu ni mwezi wa tatu. Kwa kuwa mimi na mwanao tunalala kitanda kimoja, niliona ni heri lawama imwangukie yeye kuliko wewe, mkwe wangu, kuniona mtu mzima hovyo.

Ulipokwenda kazini, nilikuwa nikimsuka nywele. Akaninong'oneza, "Bibi, jana sikunywa maji kabisa tangu mchana. Mbona bado?"

Mtoto ameamini kwamba ni yeye. Nikamwambia akae wima, nimalize kumsuka.

Akirudi kutoka shuleni, mpe maji, usimame naye mpaka ayamalize, maana atakataa. Usimgombeze. Wala usimweleze lolote kwa niaba yangu. Nitamweleza mwenyewe jioni, mbele ya baba yake na dada zake waliomwita Kikojozi, siku ile ambayo mimi pia nilicheka. Nitakapoanza kumwomba radhi, tafadhali mtu yeyote asinikatize.

Mama mkwe wako