Kilichopandwa Kwenye Mchicha

Shoga, weka chai chini kwanza.

Unamjua shemeji yangu mwalimu, kutwa anatuhubiria kwamba bustani inamfundisha mtoto subira na kujali wenzake. Leo yamemkuta.

Baba yake kaamka, meno ya bandia hayapo. Nyumba nzima ikapekuliwa. Dada yangu kamwaga hadi pipa la taka jikoni, na shemeji anamfokea: "Umeyatupa na maganda ya viazi!"

Ndipo binti yao akaingia na kopo la kumwagilia, katulia kabisa. "Nimeyapanda kwenye mchicha."

NIMEYAPANDA, shoga.

"Babu alisema yanambana. Na baba ulisema tukipanda kimoja tunavuna vingi. Babu atachagua."

Shemeji huyo mbio bustanini. Kafukua kwa mikono akiwa na suti ya kazini, dada kamsimamia kama nyapara: "Chimba, mwalimu, chimba."

Alipoyapata akataka kumchapa mtoto. Mzee akamzuia. "Muache. Humu ndani ni yeye tu aliyejali kwamba yananibana."

Kisha akainama, akamnong'oneza mjukuu: "Yalikuwa yamebakiza siku ngapi yaote?"